Viatu Mlangoni mwa Hekalu

Mama mkwe wangu alipotangaza kwamba anakuja Guangzhou, mume wangu alikumbuka ghafla kuwa ana mabeseni ya kununua mji wa Yiwu. Mabeseni hayo yalikuwa yamemsubiri mwaka mzima bila kulalamika, lakini juma lile yakawa hayawezi kungoja hata siku moja. Aliondoka na begi dogo na uso wa mtu anayekwenda vitani, akaniachia mama yake, funguo za nyumba na ushauri kwamba nisibishane naye.

Ningebishana naye kwa lipi, wakati alichoshika ndicho nilichokitaka. Binti yetu anaishi kwake Magomeni tangu alipoacha kunyonya. Tulimwacha tukisema ni kwa muda tu, mpaka biashara isimame. Biashara ilisimama, ikakaa, ikasimama tena, na mtoto akaanza darasa la kwanza. Mwaka huu nikakata shauri aje tuishi naye. Shule nilishamtafutia, kitanda nilishamnunulia, na mume wangu alikubali kwa namna yake ya kukubali mambo, yaani kwa kunyamaza. Lilikuwa limebaki neno la bibi yake, na bibi yake alisema mtoto hatoki mpaka yeye mwenyewe auone huo mji.

Nilijiandaa kumpokea kama ninavyowapokea wateja, maana kupokea watu ndiyo kazi yangu. Wafanyabiashara wanatoka Dar na Unguja, nawachukua uwanja wa ndege, nawapangishia chumba mtaa wa Xiaobei karibu na kwangu, kisha nawatembeza masoko ya jumla ya Zhanxi na Zhanqian, nawapatania bei, nasimamia mzigo mpaka uingie kontena. Mimi hasa ni mtu wa viatu. Najua ghorofa gani ina sendo za kike, gani ina raba za watoto, na choo gani katika jengo gani kina maji.

Siku ya pili baada ya kufika, asubuhi tunakunywa chai, nikamsomea ratiba. Leo Zhanxi, kesho vitambaa, keshokutwa vyombo.

"Maduka ya nini?" akaniuliza. "Mimi nimezaliwa Kariakoo, mwanangu. Maduka nimeyaona kabla sijaona meno yangu."

"Sasa mama ungependa kuona nini?"

"Wazee wao wanaabudu wapi. Sehemu za zamani. Unataka mjukuu wangu alelewe hapa, basi nione hapa pana watu au pana bidhaa tu."

Nilitabasamu kama mtu aliyeulizwa swali analolijua. Ukweli ni kwamba nimekaa mji huu miaka mingi na sikuwahi kuingia hekalu hata moja. Nilikuwa nayapita nikiwa ndani ya teksi, magoti yamebanwa na marobota, nikiona mapaa yamejikunja kwenye kona, nikijiambia siku moja nitaingia. Jioni ile nikawasha simu nikasoma habari za mahekalu kama mwanafunzi aliyechelewa mtihani, na asubuhi nikaamka mtaalamu.

Tulianzia nilipopajua. Ilikuwa Ijumaa, nikampeleka kwenye kaburi la kale karibu na stesheni ya treni, mahali ambapo Waislamu wa hapa wanaamini amezikwa mmoja wa masahaba. Mimi nimekwenda pale Ijumaa nyingi, na ungeniuliza pana nini, ningekujibu pana mishikaki ya kondoo nje ya geti. Mama mkwe aliingia kimya. Alisimama mbele ya kuta zile kuukuu, akainua mikono, akaomba dua ndefu. Jina la mtoto nililisikia likirudi na kurudi. La kwangu sikulisikia, ingawa nilisogea karibu.

Baada ya sala wanawake wa kwetu wakamzunguka. Shikamoo zikamiminika, kila mmoja anataka habari za nyumbani, na marahaba hazijaisha mmoja akanivuta mkono kuniuliza kontena langu linafungwa lini, kwa sababu ana katoni zake mbili tatu za kuchomeka. Mwingine akadakia kwamba yeye ana majiko. Tukasimama pale chini ya miti, hatua chache kutoka kwenye kaburi, tukipanga majiko juu ya viatu. Mama mkwe alitusikiliza mpaka tukamaliza.

"Hapa ni kaburini au bandarini?" akauliza.

Wote tukacheka, kicheko cha kujikosha. Yeye hakucheka. Njiani kurudi akasema pale pamemridhisha, ila pale ni kwa wageni na ndugu zao. Sasa anataka kwa wenyeji.

"Lakini mama, kwa wenyeji kuna masanamu."

"Naenda kuona, siendi kusali. Au unaogopa nitabaki?"

Kesho yake tukaenda. Asubuhi hiyo, kabla hajaamka vizuri, nilikuwa nimeshakimbia Zhanxi na kurudi na mfuko wa viatu vya mtoto. Ilikuwa ni hila yangu. Mwenye duka ninayemzoea, laoban mmoja mwanamke ambaye ameshaniuzia viatu vya nusu ya Temeke, alinipa sampuli za msimu: raba nyeupe, sendo za bluu, na viatu vya waridi vyenye ua pembeni. Nia yangu ilikuwa nimpe mama mkwe mbele ya hekalu, mahali pazuri, moyo wake ukiwa umelainika, aone mama mwenye upendo. Wafanyabiashara nasi tuna maigizo yetu.

Niseme kidogo kuhusu viatu vya watoto. Namba za Kichina watu wa nyumbani hawaziamini, na wana haki. Kwa hiyo wateja hutuma kipimo cha uzi. Unamsimamisha mtoto sakafuni, unapima kutoka kisigino mpaka ncha ya kidole gumba, unakata. Nimeletewa nyuzi za watoto wa watu wengi, na kila uzi mimi huongeza namba moja juu yake, kwa sababu mzigo ukipanda meli hukaa sana na mguu wa mtoto hausubiri forodha. Wa kwangu sikuhitaji uzi. Mtoto wangu namwona kwenye simu kila siku, na mara ya mwisho nilikuwa naye Ramadhani ya mwaka juzi. Nikakadiria kwa macho, nikaongeza namba, nikaondoka dukani kifua mbele.

Hekalu lenyewe lilikuwa limejaa. Nilitarajia watawa na ukimya, nikakuta mabinti waliokodi mavazi ya kifalme, mikono ya gauni inafagia chini, na miguuni wamevaa raba. Kila mmoja alikuwa na mpiga picha wake, na kila mpiga picha alikuwa akimwamuru binti atazame mbali kwa huzuni. Walitazama mbali kwa huzuni, kisha wakaja mbio kuona picha zimetokaje. Sanduku la sadaka lilikuwa na karatasi ya kuskani kwa simu, na mzee mmoja alikuwa akiugombeza mtandao kwa sababu sadaka yake imegoma kwenda.

Getini mlinzi alitaka kuona mfuko wangu. Hawaruhusu watu kuingia na ubani wao wa kuchoma, kwa sababu ya moto, na pale mlangoni wanagawa wa bure. Alichakura mpaka chini, akakuta viatu, akanitazama kama anayetaka kuuliza, akaacha. Mfuko ukatoka na tundu.

Nikaanza kazi ya utaalamu. Nikamwambia mama mkwe kwamba mti ule mkubwa wa uani ni wa kale sana, kwamba ngoma ile hupigwa kuwakusanya watawa, kwamba simba wale wa mawe wanalinda lango.

"Nani kakuambia?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Juzi usiku nilikuona unasoma. Endelea, ni vizuri kujifunza."

Kwenye mlango wa ukumbi mkubwa akavua viatu. Nikamwambia hapa hawavui, wanaingia navyo, ilimradi usikanyage kizingiti, unakiruka. Akatazama ndani, akatazama miguu yangu.

"Wanaabudu humo?"

"Ndiyo."

"Basi vua."

Nikavua. Kisha akanyoosha kidole kwenye mfuko. Viatu haviingii, akasema, viwe miguuni au mkononi. Nikauweka chini pembeni ya mlango, lile tundu likafunguka, viatu vikamwagika. Mkono wa mtu wa Zhanxi hauwezi kuacha viatu vimelala ovyo. Niliinama nikavipanga, jozi kwa jozi, vidole vikitazama nje, vyetu vya watu wazima nyuma, vya mtoto mbele. Tukaingia peku, mimi nikihisi ubaridi wa mawe na macho ya watu wote.

Binti mmoja wa kifalme alimwomba mama mkwe wapige picha pamoja. Mama mkwe akaniambia nimwambie sawa, ila na yeye atampiga. Akatoa simu yake, akamweka binti yule sawa mbele ya nguzo nyekundu, akamrekebisha kilemba, akamwambia kwa Kiswahili asinune. Binti akaacha huzuni yake ya kukodi, akacheka.

Mbele ya sanamu kubwa za dhahabu mama mkwe alisimama na mikono nyuma, kama mgeni aliyefundishwa adabu kwa watu. Kando yetu alikuwa amepiga magoti bibi mmoja wa makamo yake, koti la pamba, nywele fupi nyeupe, akinong'ona kwa haraka. Alipomaliza alijaribu kunyanyuka, goti likakataa. Mama mkwe akampa mkono, akamwinua. Wakabaki wameshikana mikono, hawana hata neno moja la pamoja, wakinitazama mimi.

"Muulize kaomba nini," mama mkwe akasema.

Nikauliza. Bibi akajibu kuwa amemwombea mjukuu wake. Anasoma, ni mzito kidogo kwenye hesabu, ila ana moyo mzuri.

"Anakaa naye?"

Nikauliza. Anakaa naye. Wazazi wako mji mwingine kiwandani, wanakuja Mwaka Mpya.

Mama mkwe akatikisa kichwa polepole. "Muulize huyo mkwe wake akija anafanyaje."

Hapo nilitamani ningekuwa Yiwu na mabeseni. Bibi alicheka, akaeleza kwa kirefu, na mikono yake ikasaidia. Mkwe wake ni mtu mwema, mchapakazi. Akija huleta nguo nzuri za bei. Kila mwaka zinambana mtoto. Mikono hii hapa, mabega hapa. Mtoto huzivaa siku ile moja ili mama yake afurahi, kisha bibi anampa jirani.

"Anasemaje?"

"Anasema mkwe wake ni mtu mwema na analeta nguo nzuri."

"Maneno yote yale?"

"Kichina kina maneno marefu, mama."

Mama mkwe alikuwa bado anaitazama mikono ya yule bibi, iliyokuwa imebaki hewani mahali mabega ya mtoto yanapobana.

Tulipotoka tulikuta soko. Sikosei nikisema soko. Kinamama kama kumi hivi walikuwa wamekizunguka kizingiti, wameinama juu ya viatu vyangu. Mmoja anakunja soli kuona kama itavunjika, mwingine ananusa gundi, mwingine ameshavaa ndala za mama mkwe na anazijaribu kwa kutembea. Mlinzi wa getini alikuwa amesimama nyuma yao akilalamika kwamba biashara hairuhusiwi ndani ya hekalu, na hakuna aliyemsikia. Waliponiona tu, wakajua ni mimi.

"Duoshao qian?" wakauliza wote. Bei gani.

Ningeweza kusema haviuzwi. Ndivyo mtu mwenye heshima angesema, peku, mlangoni mwa ukumbi wa kale, baada ya kutoka kwenye ubani. Lakini ulimi una mazoea yake. Nilitaja bei. Tena nilitaja ya juu, nikiacha nafasi ya kupunguza.

Mama mkwe alinigeukia. Sijawahi kutazamwa vile tangu siku ya posa.

"Haviuzwi," nikasema haraka, kwa Kichina kisha kwa Kiswahili. "Haviuzwi, ni vya mtoto wangu. Mama, hivi ni vya binti yetu. Nilitaka nikupe hapa."

Kinamama wakavirudisha kwa kusitasita, yule mwenye ndala akazivua kwa uchungu. Aliyebaki ni bibi wetu wa ukumbini, aliyekuwa ametoka nyuma yetu. Alikuwa ameokota viatu vya waridi, ameviweka juu ya kiganja chake, kisigino kwenye kifundo cha mkono, na ncha inafika mahali fulani kwenye vidole. Akapima hivyo mara moja tu, akaridhika. Macho yake yakaniomba.

Mama mkwe naye akainama. Akaokota raba nyeupe. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga aliyojitanda, mahali anapoweka kila kitu asichotaka kipotee, akatoa uzi mweusi uliokunjwa. Akaukunjua, akaulaza ndani ya kiatu kutoka kisigino. Uzi ulifika mbele, ukagonga, ukapinda, ukapanda juu, ukatoka nje na kipande kizuri kikabaki kinaning'inia.

Akajaribu sendo za bluu. Uzi ukatoka nje. Vya waridi aliviomba kwa bibi, vikawa vidogo kuliko vyote.

Nilitaka kusema kitu kuhusu namba za Kichina. Mdomo niliufungua kabisa. Nilikuwa nimeongeza namba, na bado nilikuwa nimemchukulia viatu mtoto mwingine, yule wa mwaka juzi, ambaye hayupo tena Magomeni wala popote. Nilihisi aibu mpaka masikioni.

"Namwona kila siku, mama," nikasema.

"Unamwona uso. Simu haina miguu." Alisema bila ukali, na ndiyo maana iliniingia. "Yule bibi alisema nguo zinambana, siyo?"

"Ndiyo."

"Nilijua. Mikono ilisema."

Akachukua viatu vya waridi akampa yule bibi, akakataa pesa kwa kuufunga mkono wake na kuusukuma. Bibi akataka kutoa tena, akasukumwa tena. Walisukumana hivyo kwa furaha kubwa, mpaka bibi akashindwa akatia viatu kwenye koti, akatuinamia, akaruka kizingiti kurudi ndani. Nadhani alirudi kutuongeza kwenye dua.

Tukavaa, tukakaa kwenye benchi la mawe chini ya ule mti mkubwa. Mlinzi alituangalia mpaka akahakikisha hatufungui duka lingine. Nikauliza nililotakiwa kuuliza, kwa sababu mama mkwe alikuwa anaondoka baada ya siku chache.

"Mama, mji umeuonaje?"

"Mji hauna neno. Watu wanaombea wajukuu zao, kaburi lina miti, mishikaki mizuri. Ungeniambia mapema kuna mahali kama hapa nisingekuwa na wasiwasi."

"Kwa hiyo atakuja?"

Alikuwa anauviringisha ule uzi kwenye kidole. "Mtoto ni wenu. Siwezi kumficha kwenye kanga. Lakini simpandishi ndege kama robota aende kwa mtu anayemjua kwenye kioo. Njoo nyumbani. Kaa naye, mwogeshe, agombane nawe, akuzoee. Akikuzoea mchukue, nami nitawasindikiza mpaka uwanja wa ndege."

"Msimu huu nina wateja, mama. Wanakuja watu wa mzigo wa sikukuu ya Iddi."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nakuachia uzi."

Akaniwekea mkononi, akasimama, akaniomba nimpige picha karibu na simba wa mawe, ili akawaonyeshe wenzake Magomeni. Nikampiga. Alitazama mbali kwa huzuni kama wale mabinti, kisha akaja mbio kuona imetokaje.

Siku alipopaa, kutoka uwanja wa ndege nilikwenda moja kwa moja Zhanxi. Laoban wangu alinipokea kwa bashasha, akaita "pengyou, pengyou," rafiki, rafiki, akavuta kikokotoo, akauliza nataka katoni ngapi za zile sampuli.

Nikamwambia jozi moja.

Akacheka akidhani napatana. Duka lile haliuzi jozi moja, hata mimi nimewahi kuwafokea wateja waliothubutu kuomba. Nikatoa uzi nikaulaza juu ya meza ya kioo, nikamwambia ni mguu wa binti yangu. Miaka yote ile tulikuwa tumezungumza soli, gundi na kodi, hakujua kama nina binti. Aliutazama uzi, akanitazama mimi, akasukuma kikokotoo pembeni. Akapanda ngazi ndogo, akashuka na jozi mbili za rangi moja, akazipima. Moja ililingana na uzi sawasawa. Nyingine ilikuwa kubwa kwa namba moja, ile ninayochukua siku zote.

"Atavaa lini?" akauliza, mkono tayari juu ya ile kubwa, kwa sababu ananijua na anazijua meli zetu.

Simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Wateja wa Iddi walikuwa wameshafika Doha kubadilisha ndege na walitaka kujua nitawapokea mlango gani.

"Wiki ijayo," nikamwambia. "Nampelekea mwenyewe."

Akaondoa mkono, akairudisha ile kubwa juu ya rafu, akanifungia iliyolingana na uzi.